Nilivyoingia Kwenye Albamu ya Dirisha la Eutiko

Jumatatu, 7 Oktoba

Mimi Estill Caudill nina miaka themanini na tatu. Nimeuona mgodi wa makaa wa bonde hili ukifa. Nimezika wachungaji wanne, nyumbu wawili na mke mmoja, Oma, aliyesema hakuna koo kama langu Kentucky nzima. Shule niliishia darasa la nne. Sikuona cha kuongeza.

Leo nimetukanwa! Mjukuu wangu Lacey ana bendi. Inaitwa Dirisha la Eutiko, kwa ajili ya yule kijana aliyesinzia Paulo akihubiri, akaporomoka kutoka dirisha la ghorofani. Wanamwimbia Bwana kwa magitaa yanayolia kama msumeno uliokwama kwenye gogo. Kampuni za muziki hazitaki kuwasikia, basi wanajirekodia wenyewe kwenye banda langu la tumbaku. Albamu yao inatoka Ijumaa ya wiki ijayo. Siku hizi zote hutoka Ijumaa. Bwana alifufuka Jumapili, lakini nani ananiuliza!

Wimbo wa mwisho wanataka mzee wa kutanguliza mistari, kama kanisani kwetu: mmoja anautamka mstari mbiombio, wengine wanaukokota nyuma yake. Na wimbo wenyewe ni ule wa Oma, "Ng'ambo ya mto wameniwashia jiko." Wamemchagua nani? Denzil Fugate, jirani yangu! Sauti ya mbuzi ndani ya pipa!

Lacey ananikumbusha ati nilitangaza mbele za watu kuwa muziki wao ni sufuria zinazogombana. Nilitangaza. Ni kweli. Sasa hilo linahusiana na nini? Akasema, Babu, kama unautaka wimbo si useme tu. Mimi niombe! Caudill haombi. Caudill huombwa, na asipoombwa hupanga.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimempelekea Denzil maharage, mkate wa mahindi na mtungi wa pilipili za siki. Upendo wa Kikristo. Pilipili nimezilima mwenyewe, zinabandua rangi ya trekta. Denzil ni mlafi tangu utoto. Alizila akiwa amesimama, machozi yanamtiririka, akasema Ndugu Estill, kumbe una moyo.

Nilirudi nyumbani napiga mluzi. Kesho hatakuwa na koo.

Jumatano, 9 Oktoba

Kweli hana koo. Anakwaruza kama bawaba ya lango.

Wamefurahi!!! Mpiga ngoma wao, Tanner, jitu lenye ndevu na mwanakondoo kachorwa mkononi, karuka juu akimwambia Denzil: Mzee, sauti yako ina kutu, hiyo hiyo, usinywe dawa! Kumbe kutu ndiyo wanayoitafuta, ati inagusa. Denzil kaja kunishukuru. Kaomba mtungi mwingine. Binti yake alikuwa anatazama, ningefanyaje? Nikampa.

Wanarekodi kesho mchana. Nimeshapata mpango. Nitapanda darini bandani mapema nijilaze. Denzil akitamka mstari wa kwanza, mimi nitaudondosha wa pili kutoka juu, kama mana. Huko si kuomba. Ni kusaidia.

Dhambi hakuna. Kanisani kwetu ala ya muziki ni koo peke yake; kinanda ni cha walegevu. Maisha yangu yote sijagusa hata filimbi, na wazee wote wanalijua hilo. Nitaimba tu. Watakachokipiga chini yangu ni shauri lao na Mungu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika kwa shida. Mkono umefungwa, na shingo inatazama upande mmoja tu, upande wa nyumba ya Denzil.

Kosa ni la blanketi. Walikuwa wameangika ukutani blanketi za viraka alizoshona Oma, ati zinameza mwangwi. Moja ilibaki darini. Nikaikalia. Ikanipa joto. Na hawa watu hukaza nyuzi za gitaa kama wanaofunga mzigo wa safari ya Misri! Sikusinzia. Nilifumba macho ili nisikie vizuri.

Nikamsikia Denzil akiutamka mstari wa Oma. Nikageuka ubavu. Upande ule hapakuwa na dari.

Niliangukia ngoma kubwa. Nikaipasua, nikabaki nimekaa ndani yake kama yai kwenye kikombe. Denzil, kwa kutu yake yote, akauliza: Ndugu Estill, umetumwa na nani? Lacey alikuwa analia na kucheka. Akasema, Babu jamani, ungesema tu!

Nilimwambia nilikuwa nakagua paa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Imetoka. Lacey kaniwekea simu sikioni. Denzil anakwaruza, magitaa yanagombana, halafu wote kimya, halafu BUUM, na sauti ya mtu inaita: "Oma!"

Hapo hapo wimbo unaisha.

Nilimwambia Lacey ile si kuita, ile ni noti, nilikusudia kuishika. Akasema sawa, Babu. Akaniwekea tena. Akaniwekea tena. Mwenyewe sikuomba, ila nilikuwa sijamrudishia simu.

Halafu akanisomea majina. Mstari: Denzil Fugate. Ngoma: Tanner na Estill Caudill.

Ngoma!!!

Jumapili, 20 Oktoba

Habari imenitangulia kanisani. Mzee Garland Sexton kanisimamisha. Ndugu Estill, kweli umepiga ngoma? Nikasema sikuipiga, niliiangukia. Akamwita Denzil shahidi. Nikajua leo nimekwisha. Denzil kasimama, kakohoa: Wapendwa, nilikuwepo. Ile haikuwa kupiga. Ilikuwa kubomoa.

Nikasamehewa. Baada ya ibada nikawakuta wazee haohao nyuma ya gari la Garland, wameinamia simu moja. Waliposikia lile jina la Oma, Garland alivua kofia. Machoni mwangu mimi lilikuwa vumbi tu.

Lacey anasema watarekodi tena majira ya kuchipua. Safari hii, Babu, njoo tu mlangoni useme unataka kuimba. Nikamwambia nitafikiria.

Nimefikiria. Kule darini, upande wa dirisha, kuna boriti nene zaidi, na iko juu ya zulia. Nimeshaficha blanketi.

Anayebisha haya amuulize Denzil Fugate, aliyerushiwa vumbi mdomoni, au Garland Sexton na kofia yake. Asiporidhika, ngoma bado iko bandani. Aingie akae ndani yake. Umbo ni langu.