Msumari Hakuwa wa Kurukwa

Jamani, leo nimejianika mbele ya watu arobaini, tena kwa projekta. Naandika kwenye kompyuta ya chuo kabla aibu haijapoa, ili nyote wa orodha yetu ya barua pepe mkisikie kisa hiki kwangu na si kwa wambea.

Mnanijua na vitabu vyangu vya katuni. (Mama anaamini nasoma sheria huku Brussels. Nasoma, ila si sana.) Maktaba moja ya hapa Ixelles iliniomba nizungumze na wasomaji wake leo alasiri kuhusu ile hadithi kubwa ya matoleo manane, inayowakusanya mashujaa wote kupambana na jeshi linaloshuka kutoka angani. Taabu ya hadithi za namna hii ni kwamba kila shujaa ana kitabu chake pia kinachotoka pembeni, na msomaji hajui aanze na kipi. Kazi yangu ilikuwa kuwapangia. Nikachapa karatasi arobaini. Mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa: MSUMARI: RUKA.

Msumari, kama humjui, hana nguvu yoyote ya ajabu. Ana koti jeusi na nyundo. Anajichukulia sheria mkononi, anavunja watu vidole, na mashujaa wenzake hawataki hata kumsalimia. Katika kitabu chake cha vita hiyo hapigani na jeshi lolote. Kurasa zote anamkimbiza mtu mmoja aliyeiba dawa za hospitali. Mimi niliona wamejaza kurasa tu.

Asubuhi nilikwenda Matonge, mtaa wa Waafrika hapa hapa Ixelles, kusukwa, nionekane mtu wa maana. Msusi wangu ni Maman Odette wa Lubumbashi, si msemaji sana. Nilikaa kitini na matoleo yangu manane mapajani, nayarudia moja moja. Kila nikitaka kufungua ukurasa, nywele zinavutwa nyuma.

"Maman, unaniumiza."

"Ngoja kwanza. Mi sijamaliza kusoma."

Kumbe miaka yote hii anasoma juu ya vichwa vyetu. Tulipofika mwisho wa la nane, akaona kimoja kimebaki kwenye mkoba, Msumari na koti lake jeusi jaladani.

"Na ile ya mutu wa manteau noir?"

"Hicho tunakiruka, Maman."

"Juu ya nini?"

"Hakina umuhimu."

Alikichukua, akaketi na sahani yake ya wali, akala huku anakisoma taratibu, picha kwa picha, mimi nimekaa na kisogo kisichosukwa. (Ningeweza kulalamika. Mlalamikieni nyie mtu aliyeshika nywele zenu.) Muda ukatutupa mkono. Akaweka kitana mfukoni, akasema, "Bon, twende. Nitamalizia kule kule."

Kule kule tukakuta watu wameshakaa wananisubiri.

"Usiwape mugongo," akaninong'oneza, akaenda kuketi nyuma kabisa.

Nilianza vizuri. Kifaransa kilikuwa kinateleza chenyewe. Nikafika toleo la tano, pale mji mzima unapozimika ghafla, jeshi la angani likashindwa kuuona, likapita. Nikaeleza kwamba taa zilizimwa na malkia wa umeme, mmoja wa mashujaa wakubwa. Nikamalizia kwa kusema Msumari wamwache dukani avunje vidole vya muuzaji. Wakacheka. Nilicheka nao.

Mkono ukainuka nyuma.

"Maman, tafadhali," nikamwambia kwa Kiswahili, "usiniharibie."

"Siharibu, mutoto yangu. Nauliza tu."

Kisha akaugeukia ukumbi, kwa Kifaransa kilichonyooka kuliko changu, akauliza ni ukurasa gani tunamwona huyo malkia akizima taa.

Nikafungua kinywa. Nikafungua kitabu. Nikapekua kwenda mbele, nikapekua kurudi nyuma. Haupo. Nimeisoma hadithi hiyo mara sita, na ukurasa huo niliutunga mwenyewe kichwani.

Maman Odette akaja mbele na kitabu cha Msumari, akakiweka chini ya projekta. Msumari anamkumba mwizi wake, wote wawili wanaangukia mtambo wa umeme, cheche, giza. Ukutani kuna saa: kumi na mbili kasoro dakika kumi. Akaweka toleo la tano kando yake. Saa ya mnara wa mji, juu ya giza lile: kumi na mbili kasoro dakika kumi.

Sikuamini. Nikageuka nisogelee picha nione vizuri. Hapo ndipo watu arobaini walipokiona kisogo changu, kichaka kutoka sikio hadi sikio. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alivua miwani kufuta machozi.

Maman Odette alingoja wanyamaze. Akaniambia polepole, kama tuko saluni wawili tu:

"Huyu mutu hajue hata kama kuko vita. Wale wote iko juu wanapigana, yeye iko chini anatafuta dawa ya wagonjwa. Anaokoa ville nzima, hajue. Hakuna hata mumoja anamwambia merci. Na wewe pia unaandika ruka."

Mkutubi akaniomba nitafsiri. Nikatafsiri, pamoja na sentensi ya mwisho.

Niwaambie ukweli, hata katikati ya aibu ile nilimvulia kofia aliyetunga kitabu kile. Amechukua wokovu wa mji mzima, akauficha ndani ya kitabu cha mtu asiyependwa na yeyote, akatulia, akingoja mtu mmoja mwenye subira ya kutazama saa. Mtu huyo amepatikana, na alikuwa anakula wali. Baada ya hapo nilizunguka na kalamu kiti hadi kiti, nikilifuta lile neno kwa mkono, mara arobaini.

Msinicheke. Na kama kuna mmoja wenu niliyewahi kumwambia aruke kitabu chochote, anisamehe, akakisome.