Harambee ya Masters na Sweta ya Anti Rael

Leo nimekwama ndani ya sweta mbele ya kanisa zima, na watu wakalipa pesa nisitolewe. Sina kinyongo. Naeleza tu vile ilikuwa.

Mnajua nimepata nafasi ya kusomea masters ya occupational therapy. Karo ya semesta ya kwanza isipolipwa kesho, nafasi inapewa mwingine. Mama alishatoa bonasi yake yote ya mwaka, ile kiwanda kinawalipa wakulima wa majani chai, na bado haikutosha. Kwa hivyo leo baada ya ibada, hapa Litein, tukafanya harambee.

MC akanisimamisha, akasema karibu nitakuwa daktari mkubwa. Nikamrekebisha. (Kosa la kwanza. Mtu akikuita daktari kwa harambee yako, nyamaza!) Nikaeleza kwamba sisi wa occupational therapy tunamsaidia mtu aliyepata stroke ajifunze upya kula, kuoga na kuvaa nguo.

Anko Kiprono, ndugu ya baba yangu, akasimama. Yeye ana ng'ombe wengi wa maziwa, na ndiye nilikuwa namtegemea.

"Kuvaa nguo? Niuze maziwa mwezi mzima ndio uende kusomea kuvaa nguo?"

Watu wakacheka. Mimi nikapandwa na hasira.

"Anko, ngoja nikuonyeshe."

Nikaazima sweta ya Anti Rael, aliyekuwa ameketi kiti cha mbele, ile ya kufuma yenye shingo ndogo. Mkono wa kulia nikauacha ulegee kama wa mgonjwa. Kanuni ni kwamba mkono mgonjwa ndio unatangulia kuingia. Huwa nawaambia wagonjwa hivyo kila siku. Lakini leo nilikuwa na haraka ya kumnyamazisha Anko, nikatanguliza kichwa.

Ngai! Sweta ikashuka ikabana mkono wa kulia mbavuni. Wa kushoto ukakwama juu. Kichwa nacho hakikupata shingo.

"Nisaidieni," nikasema kutoka ndani.

Nikasikia Anti Rael akija. MC akamzuia.

"Anti, usimguse! Nani anatoa mia tano atolewe?"

"Mimi!"

"Elfu moja abaki!"

"Elfu moja mia tano atolewe!"

"Elfu mbili abaki, na ageuke tumwone vizuri!"

(Niligeuka. Sijui kwa nini niligeuka.)

Ndipo nikasikia sauti ya mama yangu. Nikamshukuru Mungu, mzazi ni mzazi.

"MC, karo imetimia?"

"Bado kidogo, mama."

"Basi abaki kidogo."

Na akatoa mia mbili! Hapo niliumia, siwadanganyi. Pia nilikuwa nacheka, na kucheka na sufu mdomoni si mchezo.

Walishindana hivyo mpaka nikaanza kutokwa na jasho. Mwishowe Anko Kiprono akapiga kelele, "Jamani, mtoto wa ndugu yangu ataishiwa na pumzi!" Akalipa karo yote iliyobaki, akaja akanivua mwenyewe. Nywele zilikuwa zimesimama wima. Akaniangalia kwa huruma ya kweli.

"Nimeelewa sasa," akasema. "Kumbe hii kitu ya kuvaa nguo ni ngumu. Enda shule, mtoto wangu."

Karo imetimia. Nafasi ni yangu. Tafadhali msinicheke, kwa sababu semesta ya pili inakuja na kamati ya harambee imeshaniuliza nitakwama ndani ya nini.