Viwavi Walikuwa Wazima, Aliyeanguka ni Mimi

Leo aibu imenikuta nimevaa suti. Nasimulia mwenyewe, kabla binamu zangu hawajawafikia na toleo lao.

Ilikuwa siku ya défense, ya kutetea mémoire yangu, tasnifu ya chuo: jinsi joto linavyowatesa viwavi wa hariri. Nimewafuga miezi mingi nyumbani Tshopo, chini ya bati. Nikishindwa leo, mwaka mzima narudia.

Saa nne asubuhi mjomba wangu, Tonton Saidi, akaleta koti lake la sufu, lile alilorudi nalo kutoka Ulaya.

"Tonton, joto iko mingi."

"Siku ya défense mutu hasikiake joto. Funga bouton zote!"

Nikafunga zote. (Pamoja na za kizibao cha ndani. Ndiyo, kilikuwepo.) Chai sikunywa, mkate sikugusa. Hofu ilikuwa imenishibisha.

Saa saba mchana, ukumbini, umeme ukakatika. Jenereta ikaweza feni moja tu. Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja profesa, akanielekezea mimi. Nikaigeuzia sinia la viwavi wangu hai niliowaleta mezani.

"Madame, wanaoumia ni hawa. Kiwavi hawezi kujipoza. Hewa ikipata joto, na mwili wake unapata."

Sentensi nzuri. Nilijipenda.

"Dalili ya kwanza, anaacha kula." (Tumbo langu likanguruma. Safu ya mbele nzima ikasikia.) "Ya pili, anainua kichwa na kuyumba."

Nikashika meza.

"Mwanangu, tosha hiyo koti!" Mama akaita kutoka nyuma, akitaka nilivue.

"Asitoshe!" Tonton akajibu. "Bon, endelea!"

"Niko bien, niko mzima!" nikasema, nikafunga kifungo kimoja kilichokuwa kimejifungua chenyewe.

"Na dalili ya tatu?" mwenyekiti akauliza.

Dalili ya tatu ni kutapika.

Nilitapika. Nyongo tupu, juu ya nakala yake ya mémoire, ukurasa wa dalili.

Ya nne ni mwili kulegea. Hiyo sikuitamka. Niliionyesha.

Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, feni usoni, Mama ananimwagia maji huku akilalamika kwamba sijala tangu asubuhi. Koti lilikuwa mkononi mwa Tonton, amelishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya mfu. Mwenyekiti alikuwa ameinamia sinia langu.

"Badudu iko bien, inakula," akatangaza. "Alors, ni chercheur, mtafiti mwenyewe, ndiye alikataa kula."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Hata Tonton! Mwenye koti!

"Maswali hatujauliza," akaongeza. "Rudi Jumatatu. Na ukule kwanza."

Sawa, chekeni. Lakini niambieni: ni mwanafunzi gani mwingine ambaye jopo lake limekariri dalili zote nne kwa mpangilio? Kwenye sinia langu hakufa hata mmoja. Kazi yangu ni ya kweli, na Jumatatu nitaitetea tena, nimesimama hadi mwisho. Koti nitalivaa pia. (Tonton ameshalianika.)

Ila feni tutagawana, mimi na viwavi, nusu kwa nusu.