Printa Isiyoitikia Shikamoo

Jamani, leo nimeaibika, na aibu yenyewe nimeichapa kwa vidole vyangu.

Mnajua chama chetu cha wakulima wa mboga hapa Lushoto kina kompyuta mbili na printa moja. Printa iko kwa Mwenyekiti. Mimi karani niko chumba cha pili, kutwa nampelekea disketi kama mpeleka maziwa. Leo wakaja wajumbe, wazee wa vijiji vya Malindi na Kwai, kuamua: kompyuta zibaki, au ziuzwe tununue pampu za dawa. Nikaapa nitachapa kwa waya unaounganisha kompyuta zetu mbili, nikiwa kitini kwangu, nao washuhudie. (Kiherehere changu mnakijua.)

Nikaiamuru DOS, ile programu inayoendesha kompyuta, kwamba kila nitakachochapa kiende kwenye printa ya Mwenyekiti. Ikakubali. Nikatuma mstari wa majaribio, wa adabu: "Shikamoo."

Kimya. Nikatega sikio ukutani. Kimya.

Sikukata tamaa. Nikakaza waya, nikatuma tena: "Nimesema shikamoo." Wapi. Hasira zikanipanda. Nikatuma: "Huitikii? Nani kakulea?" Kisha, kwa kuwa printa yenyewe ni kuukuu: "Mzee mzima hovyo. Nitakuhamishia stoo ukalale na viazi."

Kumbe kule kwa Mwenyekiti walikuwa wameizima printa ili wasome dua kwa utulivu. Maneno yangu yote yalikuwa yamefika kwenye kompyuta ya Mwenyekiti, yanasubiri. Dua ikaisha, akaiwasha.

Nikaisikia inakereza. Nikakimbilia huko kifua mbele. Nikamkuta Mwenyekiti ameshika karatasi, anawasomea wageni.

"Shikamoo," akasoma, akatabasamu. "Marahaba, mwanangu."

"Marahaba," wazee wote wakaitikia.

Akaendelea kusoma. Tabasamu likawa linapungua mstari kwa mstari. Alipofika kwenye viazi, nilitamani ardhi inimeze.

"Nilikuwa nasema na printa, mzee," nikajitetea.

Mjumbe wa Malindi akauliza taratibu, "Na wewe, nani kakulea?"

Mwenyekiti akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Kompyuta zibaki, tumeona zinafanya kazi. Na wa kuhamia stoo tumempata."

Nawaandikia haya nimekalia gunia la viazi, kompyuta yangu iko juu ya kreti la nyanya. Msinicheke. Waya nimeshaupima, unafika hadi huku. Kesho nachapa tena, ila salamu nitampelekea Mwenyekiti kwa miguu.