Malalamiko Dhidi ya Mwanao, Fundi Bomba

Kwa Bibi mpendwa, mkuu wa ukoo na mzazi wa mshtakiwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Kwa heshima zote namshtaki kitindamimba wako, yaani Mjomba, uliyemkabidhi kazi ya kunitembeza mjini likizo hii. Unajua nimeutamani mji huu tangu utotoni. Unajua pia kwamba nafundisha jiografia, na Jumatatu darasa zima litanikodolea macho likitaka kusikia nilichokiona. Nilichokiona ni hiki:

1. Makumbusho. Wageni wengine walikwenda kutazama viti vya wafalme. Sisi tulipitia mlango wa nyuma, maana mlinzi ni rafiki yake, tukaingia moja kwa moja msalani. Mjomba akavuta maji, akafumba macho, akaniamuru nisikilize. Nilisikiliza, Bibi. Yalishuka vizuri.

2. Jengo refu kuliko yote. Wanasema ukiwa juu ya paa lake unauona mji mzima. Siwezi kuthibitisha, kwa kuwa niligeuzwa kuelekea matangi ya maji aliyoyafunga yeye. Picha niliyopigwa ina mimi, matangi mawili, na kipande cha mji kinachochungulia nyuma ya sikio langu.

3. Bustani kuu. Hatukufika. Njiani muuza magazeti alikuwa na bomba linalovuja, kinyozi alikuwa na sinki lililoziba, na mama mwenye mgahawa alimdaka Mjomba mkono kama anayekamata mwizi. Mji huu hauna mtu asiyemjua, na hakuna amjuaye asiye na shida. Asubuhi nilitoka nikiwa mgeni. Mchana nilikuwa nimeshika spana.

4. Ukumbi wa maigizo. Hapa nilivunjika moyo kabisa. Tiketi zilikuwa zimekwisha, Mjomba akasema nisijali. Tukautazama mchezo tukiwa chini ya jukwaa, tumelala chali kando ya bomba. Najua kuna mtu alikufa mwishoni. Sijui ni nani, ila alikuwa mzito.

Kwa hiyo naomba umwite nyumbani haraka, umkalishe chini, umpige marufuku kumtembeza ndugu yeyote wa damu. Ikishindikana, nitamwandikia Meya afunge maji ya mji mzima kwa siku moja, ili Mjomba ainue kichwa. Lakini nimefikiri tena: maji yakikatika ndipo watu watakapomfuata kwa wingi zaidi. Basi Meya amkamate tu, kwa adabu, akishakunywa chai.

Nisalimie mama zangu wadogo, majirani wa pande zote, na hasa yule jirani unayemwambia kila siku kwamba Mjomba anafanya kazi ofisini.

Wako mwenye huzuni na matope,
Mjukuu wako, Mwalimu

Nyongeza: Usimwite. Jana tulipita kwenye chemchemi ya uwanja mkuu, ile ambayo kila mgeni huipiga picha. Chini yake kuna chumba cha pampu, na kwa mara ya kwanza Mjomba alikataa kunionyesha bomba. Nilimbembeleza mpaka nikaona aibu. Akasema hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote, na ameapa kwamba mgeni wa kwanza kuingia mle atakuwa mama yake. Miaka yote hii hujaja hata mara moja, Bibi. Njoo. Nimeomba niongezewe likizo. Ngazi za kuteremkia zinateleza, lakini nitakushika mkono.