Usukani Uliokuwa Juu

Jumatatu, 1 Agosti 1960
Jumapili kuna mbio za baiskeli, Likoni hadi Shika Adabu na kurudi. Kila mtu huachiwa peke yake, hushindana na saa tu. Afadhali! Watu nawaogopa. Mzee Mwinyihaji, baba yake Mwanarehema, anazipenda mno mbio hizi. Kupeleka posa kwake sithubutu. Nikishinda, huenda akaniita mwenyewe. Kombe, karani mwenzangu, naye anamtaka Mwanarehema. Yule haogopi kitu.

Jumatano, 3 Agosti
Nimesoma gazetini: usukani ushushwe, kiti kisogezwe mbele, mgongo ulale kama meza, upepo ukose pa kushika. Nimefanya yote. Magoti yanagonga kidevu. Lakini mwendo! Naona gurudumu la mbele na kipande cha njia. Mengine nayapita tu.

Alhamisi, 4 Agosti
Balaa! Mzee Mwinyihaji, anayekaa barazani kando ya njia, amemwuliza mama: mwanao nimemkosea nini, anipite asubuhi na jioni bila shikamoo? Mbona Kombe huketi wima kama kadhi na kuamkia kila mtu? Mama kalia. Niinue usukani? Wallahi siinui. Nitaamkia hivyo hivyo nimeinama.

Ijumaa, 5 Agosti
Nilipokadiria nimefika barazani, nilitoa shikamoo kwa sauti na adabu zote. Nikainua kichwa. Punda wa Boga, muuza maji! Kombe alikuwapo. Akaniuliza mbona sikumjulia punda hali, na watoto wake.

Jumapili, 7 Agosti
Nilikwenda kama risasi. Karibu na baraza nikaona miguu ya Mzee njiani. Hofu ikanishika, nikashuka. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Mkono hakuuachia. Mama hajambo? Shangazi wa Mtopanga je? Na yule mbuzi wake? Kahawa ikaletwa. Nani angekataa? Kombe akapita akicheka, shikamoo akairusha kama ganda la chungwa. Mzee akafyonya. Kombe wa kwanza. Mimi wa mwisho, na kahawa tumboni.

Jumatatu, 8 Agosti
Ajabu! Mzee ametuma neno: kijana aliyeacha mbio kwa ajili ya salamu, wazee wake waje Ijumaa kuposa. Mama anapiga vigelegele tangu alfajiri.
Amenihurumia, masikini, kwa kuwa wa mwisho. Sababu naijua: usukani ulikuwa juu kwa kidole kimoja. Nimeushusha. Ijumaa wazee watakwenda kwa miguu. Bwana harusi haendi kwenye posa, lakini kupita njiani hakuna aliyenikataza. Nitawapita wote pale pale barazani, Mzee auone mwendo wangu hasa.