Umri Niliojichagulia

Jumamosi, 3 Mei
Nimeipata dawa ya Matano! Kaka yangu huyu ananizidi mwaka mmoja tu, na tangu nijue kusema namwamkia shikamoo, kisha ananituma. Nina miaka thelathini na minne. Bado natumwa. Leo Hafsa, fundi cherehani wa hapa Kona ya Musa, ametufundisha mchezo wa mezani. Kila mtu anabuni mhusika wake: jina, kazi, umri. Hafsa anasimulia safari, dadu inaamua. Umri unajichagulia mwenyewe! Na adabu, kasema Hafsa, ni zile zile za kwetu. Basi mimi nitakuwa mzee wa miaka tisini na sita. Matano ataniamkia mbele ya watu. Sitaki kingine duniani.

Jumamosi, 10 Mei
Matano kachagua tisini na saba. Nani kamwambia? Mimi, tukila chajio. Sikuweza kujizuia. Nikapanda mia na tano. Akapanda mia na sita, wala hakuinua macho. Hafsa akatukata: mwisho mia na ishirini, na uzee unapunguza nguvu za miguu. Tukafika mtoni, wazee wawili, tukakwama. Kadzo, jirani yetu, aliyejichagulia miaka ishirini kama mtu mwenye akili zake, akatuvusha mgongoni. Matano kwanza. Mkubwa ni mkubwa. Nikalazimika kumwamkia hata huko. Inaniuma mpaka sasa.

Jumapili, 11 Mei
Mpango mpya. Nitashauri tupite mlimani. Mzee wa mia na sita hafiki kileleni hata kwa dua. Akifa, ataanza na mhusika mwingine, na nimemsikia akilalamika kwamba amechoka na uzee. Mimi nitafika. Mimi bado kijana, mia na tano tu.

Jumamosi, 17 Mei
Nilianguka mimi. Dadu ilitoa moja. Hafsa akasimulia polepole jinsi babu yangu alivyolala juu ya mawe, pumzi zikimwisha. Dawa ilikuwa moja tu, mkobani mwa mzee wa Matano, naye alikuwa hoi vile vile. Matano hakufikiri. Akasema mpeni mdogo wangu. Mzee wake akafa pale pale, na Kadzo akasema Mungu amlaze pema. Nililia. Nikasingizia moshi wa muuza viazi karai aliyekuwa hapo nje.

Matano akaanza upya na mtoto wa miaka kumi na miwili. Akanigeukia, akainamisha kichwa, akasema shikamoo babu. Shikamoo! Mbele ya watu! Nikaitikia marahaba. Maisha yangu yote nimeingoja, na ilikuwa tamu kuliko nilivyodhani.

Kisha akaniambia kwa upole, Kheri, hebu kanichukulie viazi karai hapo nje, pilipili nyingi.

Nilikwenda.

Jumapili, 18 Mei
Nimewaza tangu alfajiri, na kosa nimeliona. Mia na tano ni umri mdogo. Mtu wa mia na tano bado anatumwa. Jumamosi nachukua mia na ishirini kamili, tuone nani atathubutu! Matano hajui lolote. Nitamdokezea kidogo tu wakati wa chajio.

Ananiita. Sukari imekwisha.